Kidhibiti cha tangi la matumbawe Mtwara na Lindi: anza na siku kitakapozima

Mtu anayetaka kuweka tangi la matumbawe Shangani, Mikindani au Lindi mjini, akiingia mtandaoni kutafuta kidhibiti, yaani kifaa kinachowasha na kuzima vyombo vya tangi chenyewe, atakutana na orodha za sifa: soketi ngapi, sensa ngapi, programu ya simu ina grafu gani. Nyingi zimeandikwa na watu wa Marekani na Ulaya, ambako umeme hukatika kwa nadra na probu (kijiti cha kupimia maji) ikiharibika leo, kesho nyingine iko mlangoni. Kwetu kusini swali la kwanza ni lingine. Kidhibiti kikizima, au kikapokea namba ya uongo kutoka kwenye sensa, kila kifaa kilichochomekwa kwake kitabaki kimewaka au kimezimwa? Lijibu swali hilo soketi kwa soketi kabla hujauliza bei, na vidhibiti vingi vitajiondoa vyenyewe kwenye orodha yako.

Neno moja kwanza kwa ambaye bado hajapata matumbawe: usiende kuyabandua Msimbati wala Ruvula. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kuyachukua na kuyavusha mpaka kunataka vibali. Chuo au hoteli inayotaka tangi la maonyesho ianze na kibali, vifaa vifuate.

Kinachoua haraka na kinachoua polepole

Tuchukue tangi lenye lita 300 za maji kwa jumla, na sampu, yaani tangi la pili la kuchujia na kuwekea vifaa, chini yake. Linataka joto la nyuzi 25 hadi 27, chumvi sehemu 35 kwa elfu (uzito linganifu 1.026), pH kati ya 7.9 na 8.4, alkaliniti (uwezo wa maji kustahimili asidi, unaopimwa kwa dKH) 8 hadi 10, kalisi miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na magnesi karibu 1,300. Watu huzisoma namba hizi kana kwamba zina uzito sawa. Hazina. Kalisi ikishuka una wiki nzima ya kugundua. Alkaliniti ikiyumba una siku moja au mbili. Joto likipanda una saa chache. Maji yakisimama bila mzunguko katika tangi lenye samaki wengi, usiku wa Januari, una saa chache kuliko hizo, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: maji ya bahari ya nyuzi 25 hushika kama miligramu 6.7 kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushika kama 6.2, wakati huohuo samaki na bakteria wanahitaji zaidi.

Kwa hiyo fedha ziende kwa mpangilio huo wa kasi: mzunguko wa maji na umeme wake wa akiba, joto, kuongeza maji yaliyovukizwa, kisha ndipo kipimo cha pH na mashine za kudondoshea madini. Kinachoonekana mara nyingi ni kinyume chake. Mtu ananunua kifaa kinachopima alkaliniti chenyewe, ghali, ambacho kemikali zake za kupimia huisha kila baada ya miezi michache na huagizwa kutoka nje, huku pampu ya mawimbi haina hata betri.

Joto, na kwa nini feni inakutosha miezi mingi

Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi Mtwara hufika nyuzi 31 mchana bila shida. Ongeza taa na pampu, maji yanavuka 30. Matumbawe hayahitaji joto kali sana ili kupauka. Huanza pale maji yanapokaa wiki kadhaa nyuzi 1 tu juu ya wastani wa mwezi wake wa joto zaidi. Ndicho kilichotokea mwaka 1998, matumbawe mengi ya pwani ya Tanzania yalipopauka na mengi yakafa. Baharini kuna kina na mikondo. Kwenye lita 300 kuna kidhibiti chako tu.

Feni ya kompyuta ya volti 12 ikipuliza juu ya maji ya sampu hufanya kazi kubwa kuliko umbo lake. Lita moja ya maji ikivukizwa huondoa joto la kutosha kushusha lita 300 kwa karibu nyuzi 2, kama hakuna joto jipya linaloingia. Joto jipya huingia muda wote, ndiyo maana tangi lenye feni mbili hupoteza lita kadhaa kwa siku na kupata nafuu ya nyuzi 2 au 3. Unyevu wa pwani hupunguza nafuu hiyo: usiku kabla ya mvua, hewa ikiwa nzito, feni hupuliza na joto haliondoki. Hapo ndipo chila, mashine ya kupoza maji yenye kompresa kama ya friji, inapohitajika, na hapo ndipo kidhibiti kinapaswa kujua kuita feni kwanza na chila baadaye, maana chila hula umeme mara nyingi zaidi ya feni.

Mipangilio inayofaa kwa lita 300: feni iwake nyuzi 26.5 na kuzima 26.0. Chila iwake 27.5 na kuzima 26.8. Taa zipunguzwe hadi nusu maji yakifika 28.3. Kengele ilie 28.0 kwa juu na 24.0 kwa chini. Angalia nafasi kati ya kuwasha na kuzima. Ukiweka 0.1, kompresa ya chila itawaka na kuzima kila dakika chache, na kompresa inayowashwa kabla gesi yake haijatulia huungua. Weka pia muda wa chini wa kupumzika, dakika 5, na hakikisha muda huo unaheshimiwa hata umeme ukirudi baada ya kukatika. Vidhibiti vingine hukumbuka kusubiri wakati wa kawaida tu. Umeme ukirudi huwasha kila kitu kwa pamoja. Jaribu kwa kuzima swichi ya ukutani na kuiwasha baada ya sekunde 10.

Hita nayo ina kazi, Juni hadi Agosti, kusi linapopoza usiku hadi nyuzi 20 hivi. Ila usinunue ya wati 300 kwa sababu vitabu vya nchi za baridi vinasema wati moja kwa lita. Kwa lita 300 hapa wati 100 zinatosha. Hita ikikwama ikiwa imewaka, ile ya wati 300 hupandisha maji kwa karibu nyuzi 0.9 kila saa; ya wati 100 hupandisha 0.3. Tofauti hiyo ni kati ya kukuta tangi limepikika asubuhi na kulikuta limepata joto tu. Kifaa kidogo kisichoweza kuua ni kinga bora kuliko programu yoyote.

Hita na chila zisitegemee ubongo mmoja. Nunua kidhibiti-joto cha kujitegemea chenye njia mbili, moja ya kupasha na moja ya kupoza, kama Inkbird ITC-308 ya volti 230. Kina kengele ya juu na ya chini na kina kuchelewesha kompresa ndani yake, kwa bei ndogo ukilinganisha na kidhibiti kamili. Hicho ndicho kiendeshe chila na hita kila siku. Kidhibiti kikubwa kikae juu yake kama msimamizi: kikipe umeme kidhibiti-joto hicho, na kiikatie hita umeme maji yakifika 27. Kimoja kikiharibika, cha pili kipo. Probu yake ya chuma ivalishwe bomba jembamba la plastiki lililozibwa mwisho kwa silikoni ya tangi, maana chuma cha kawaida hushika kutu ndani ya maji chumvi hata kikiandikwa kuwa hakishiki.

Umeme: hapa ndipo pa kukaa muda mrefu

Gesi ya Ghuba ya Mnazi inaendesha mitambo hapahapa Mtwara, lakini umeme kukatika, kurudi kwa nguvu au kuwa mdogo ni mambo ambayo kila nyumba inayajua. Uniti za LUKU zikiisha saa nane usiku matokeo kwa tangi ni yaleyale. Basi kidhibiti kichaguliwe kwa umeme huu.

La kwanza ni volti. Baa ya soketi iliyotengenezwa kwa Marekani ni ya volti 120; ukiichomeka kwenye 230 umeipoteza. Bei yake nzuri mtandaoni isikudanganye. Adapta za pampu za umeme wa DC nyingi huandikwa 100–240V na hazina tatizo, ila pampu za AC za hezi 60 zikifanya kazi kwenye hezi 50 huzunguka taratibu na kutoa maji pungufu. Muulize muuzaji wa Dar kabla hajafunga mzigo kwenye basi: "Kaka, hiyo baa ni ya 230, hezi 50, na plagi yake ni ya pini tatu bapa?" Kisha swali la pili: "Kikipoteza mawasiliano na ubongo, soketi zinabaki hali gani?" Akikosa jibu la hili la pili, mwombe kijitabu chake kwa WhatsApp ukisome mwenyewe. Mizigo ya kurudisha Dar, kilomita zaidi ya 500 kutoka Mtwara, inachosha na inakula fedha.

La pili ni kinga. Breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30 kabla ya soketi zote za tangi, na waya wa eathi uliopimwa na fundi, si uliopakwa rangi tu. Gadi ya friji mbele ya chila, ili umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno ikate na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Kila waya unaoshuka kwenye soketi uwe na kitanzi kinachoning'inia chini ya soketi, tone la maji chumvi likitembea juu ya waya lidondoke sakafuni. Baa ya soketi ifungwe ukutani mbali na sampu. Hewa yenye chumvi ndani ya kabati hula vituo vya shaba, na kituo chenye kutu ya kijani hupata moto. Upake mafuta ya vaselini kidogo kwenye viunganishi vya umeme mdogo, na mlango wa kabati uwe na matundu ya hewa.

La tatu, na ndilo ambalo wengi hulikosa, ni relei. Relei ni swichi inayovutwa na koili ya umeme, na ina miguu mitatu iliyoandikwa COM, NO na NC. Kifaa kikifungwa kati ya COM na NC, kinapata umeme relei ikiwa imelala, yaani hata kidhibiti kikiwa kimekufa. Kikifungwa kati ya COM na NO, kinapata umeme pale tu kidhibiti kinapoamuru. Basi: pampu ya kurudishia maji, pampu ya mawimbi na skima (kifaa cha kuondoa uchafu kwa povu) viende NC. Hita, pampu ya kuongezea maji na pampu za kudondoshea madini viende NO. Feni iende NC, maana feni ikiwaka bila sababu hasara yake ni maji kidogo kuvukizwa. Kidhibiti cha kiwandani hakikuonyeshi miguu hii, ila kilicho bora kina mpangilio wa dharura kwa kila soketi unaofanya jambo hilohilo. Apex ya Neptune Systems unao, kila soketi ikiandikiwa mstari wake. Kidhibiti kisicho na mpangilio huo, kinachozima kila kitu kikikosa mawasiliano, usikinunue hata ukipewa kwa nusu bei.

Vibao vya relei vya bluu vinavyouzwa Kariakoo huandikwa ampia 10, na kwa taa ni kweli. Kwa injini si kweli. Pampu na kompresa huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida zinapoanza, cheche hupiga kwenye ncha za relei na siku moja ncha hushikana. Kidhibiti kinaamuru zima, kifaa kinaendelea. Kwa chila tumia kontakta, yaani relei kubwa ya injini, relei ndogo iiamuru kontakta. Relei za elektroniki zisizo na ncha nazo zikifa mara nyingi hufa zikiwa zimewaka, kwa hiyo hazifai kuwa kinga pekee ya hita.

Sasa betri. Mzunguko wa maji usitegemee akili ya kidhibiti hata kidogo. Chukua relei moja ya koili ya volti 230 na uichomeke moja kwa moja ukutani. Umeme ukiwepo, koili inaivuta na njia ya NC inaachana, haipitishi umeme. Umeme ukikatika, relei inalala, njia inaungana tena, na betri ya volti 12 inawasha pampu ya mawimbi ya DC au pampu ya hewa yenye mawe mawili. Weka fyuzi karibu na betri. Hakuna kompyuta, hakuna intaneti, hakuna cha kusasisha.

Hesabu ya betri: volti 12 kwa ampia-saa 100 ni wati-saa 1,200. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, zinabaki 600. Pampu ya mawimbi ya wati 15 ikichukua umeme wa betri moja kwa moja hufanya kazi saa 40. Ukitaka kuendesha pia pampu kubwa ya wati 40 kupitia inveta inayopoteza kama asilimia 15, mzigo ni wati 55 na una saa 9 tu. Kwa hiyo umeme ukikatika iache pampu kubwa ilale. Ila hakikisha sampu ina nafasi ya kupokea maji yatakayoshuka kutoka tangi la juu. Jaza, zima, pima kwa rula, weka alama ya kalamu ya wino usiofutika kwenye kioo cha sampu, na maji yasivuke alama hiyo kamwe.

Maji yanayovukizwa

Feni zinazopoza tangi zinakula maji, na chumvi haivukizwi. Ukipoteza lita 6 kwa siku bila kurudisha, chumvi inapanda kutoka 35 hadi karibu 35.7, siku ya tatu iko juu ya 37. Ndiyo maana anayeamua kupoza kwa feni ameamua pia kununua mfumo unaoongeza maji wenyewe.

Mfumo mzuri una sensa mbili za aina tofauti: ya mwanga kwenye kiwango cha kawaida, na boya dogo sentimita 2 juu yake la kukata umeme wa pampu likielea. Sensa ya mwanga hudanganywa na konokono anayeipanda au mwani unaoifunika, na boya hukwamishwa na chumvi iliyoganda. Ni nadra viwili hivyo kuharibika usiku mmoja. Juu ya hapo weka kikomo cha muda. Pima pampu yako hujaza lita moja kwa sekunde ngapi, kisha iamuru isizidi muda wa lita 1 kwa mara moja na mara 8 kwa siku.

Kinga kubwa kuliko zote ni ukubwa wa chombo. Ukiunganisha pampu kwenye simtanki ya lita 500 na ikakwama, umeua tangi na umelowesha nyumba. Ukiiunganisha kwenye dumu la lita 20 na likamwagika lote, chumvi inashuka hadi karibu 32.8. Matumbawe yatajikunyata siku kadhaa, yatarudi. Mdomo wa bomba uwe juu ya maji ya sampu na ya dumu, usizame, vinginevyo maji yatajivuta yenyewe kupitia bomba hata pampu ikiwa imezimwa. Maji yenyewe yawe ya kichujio cha RO (cha utando mwembamba) kinachomalizia na resini, kipimo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka, kikionyesha 0. Maji ya mvua ya paa la bati yana zinki, na zinki ni sumu kwa viumbe visivyo na uti wa mgongo.

Sensa, na uongo wake

Sensa ya joto inayotumiwa sana na mafundi wanaojitengenezea ni DS18B20, yenye kosa la nusu nyuzi na inayohitaji rezista ya kilo-omu 4.7. Ina tabia mbili za kujua kwa moyo. Ikipata umeme upya kabla haijapima, hutoa 85. Waya wake ukikatika, programu nyingi husoma −127. Fikiria hita inayoambiwa maji yako kwenye −127: itawaka mpaka mtu afike. Kwa hiyo sheria ya kwanza kabisa kuandikwa kwenye kidhibiti chochote iwe hii: kipimo chini ya 10 au juu ya 40 ni sensa mbovu, zima hita, washa feni, piga kengele. Weka sensa mbili, moja kwenye sampu mbali na hita na moja kwenye tangi la juu. Zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 1 kwa dakika 15, mara nyingi pampu ya kurudishia imesimama, na umeigundua bila kununua kipima mtiririko.

Probu ya pH ni kitu kinachokufa. Ihesabie mwaka mmoja, mwaka na nusu ikitunzwa, na agiza ya akiba kabla ya hapo, lakini si mbili kwa mpigo, maana huzeeka hata ikiwa kwenye boksi. Isawazishe kwa bufa, vimiminika vya pH inayojulikana, ya 7 na ya 10 kila mwezi. Kwa joto letu zingatia kwamba bufa ya 10 ikiwa kwenye nyuzi 30 thamani yake ni karibu 9.97, soma jedwali lililobandikwa kwenye chupa. Ikiwa kidhibiti chako kinaonyesha milivolti, tofauti kati ya bufa hizo mbili inapaswa kukaribia 177. Ikishuka chini ya 150, tupa probu. Bufa ya 10 iliyofunguliwa hunywa hewa ya ukaa na kuharibika; nunua vifuko vya matumizi ya mara moja. pH yenyewe huyumba kwa 0.2 hadi 0.3 kila siku, chini kabisa alfajiri, juu kabisa jioni, na hilo si tatizo la kurekebishwa. Kazi ya probu kwenye kidhibiti ni moja: pH ikivuka 8.5, zima udondoshaji wote.

Probu ya chumvi simshauri mtu ainunue mapema. Kipovu kimoja cha hewa kikiikalia husoma chini, na refraktomita (darubini ndogo ya kupimia chumvi) iliyosawazishwa kwa kimiminika cha 35 hukupa jibu la uhakika kwa nusu dakika. Ukinunua, kimiminika chake cha kusawazishia ni cha milisimensi 53. Kipimo cha ORP, cha nguvu ya maji ya kuoksidisha, kiache. Sensa za kuvuja maji sakafuni weka mbili, ni rahisi na hazisumbui, ila zifute chumvi mara moja kwa wiki zisije zikalia bure mpaka watu wakazizoea.

Udondoshaji wa madini nao unafuata mantiki ya dumu. Kupandisha lita 300 kwa dKH 1 kunahitaji gramu 9 za bikaboneti ya sodiamu. Chupa ya lita 2 yenye gramu 80 kwa kila lita, ikimwagika yote, inapandisha karibu dKH 18, na hakuna tumbawe litakalobaki. Chupa ya nusu lita yenye gramu 30 kwa jumla inapandisha dKH 3 na kidogo. Jaza chupa ndogo mara nyingi.

Ubongo upi sasa

Kwa chuo, au hoteli yenye bajeti na fundi wa kudumu, mifumo ya kiwandani inafaa. GHL ya Ujerumani, yenye ProfiLux, imetengenezwa kwa soko la volti 230 tangu mwanzo, na hiyo kwetu ni faida kubwa kuliko uzuri wa programu ya simu. Apex ina jumuiya kubwa ya watumiaji na mifano mingi ya mipangilio, na huendelea kutekeleza ilichoandikiwa hata intaneti ikikatika, ila hakikisha unapata baa ya soketi ya umeme wetu. Kifaa kinachohitaji seva ya mbali ili kuamua kuwasha feni, kama zilivyo soketi nyingi za bei nafuu za wifi, kisiguse joto wala maji.

Kwa mtu binafsi anayejua kushika sodaringi, chaguo langu ni reef-pi, mradi wa wazi unaofanya kazi juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Ukurasa wake unafunguka kwenye simu kupitia ruta ya nyumbani bila kula bando. Mtu akikwama, kila sehemu yake hupatikana kwa fundi wa kawaida. Una udhaifu wa aina mbili unaoumiza hapa. Kadi yake ya kumbukumbu huharibika umeme ukikatwa ghafla mara nyingi, kwa hiyo ipe betri ndogo ya volti 12 na ampia-saa 7 yenye kishusha-volti cha 5.1, kwa mzigo wa wati 5 itadumu kama saa 8. Tengeneza pia kadi ya pili yenye nakala kamili, uibandike kwa tepu ya karatasi ndani ya kabati. Udhaifu wa pili ni saa: Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya ndani, na zikiamka bila intaneti hazijui ni saa ngapi. Taa zitawaka usiku, madini yatadondoshwa mara mbili. Moduli ya DS3231 yenye betri ya kifungo inamaliza tatizo hilo.

Kuhusu saa, andika ratiba kwa mtindo wa mashine na uibandike ukutani: taa 10:00 hadi 20:00, yaani saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku. Anayekusaidia ukiwa safarini akiingiza 4 kwa kufikiri ni saa nne, taa zitawaka saa kumi alfajiri.

Kengele ya simu isitegemee wifi peke yake. Ruta iwe kwenye betri ileile ya ubongo, na iwepo moduli ya laini ya simu inayotuma SMS, kwa sababu SMS hupita hata bando likiisha. SIM800L hufanya kazi hiyo, ila huvuta hadi ampia 2 kwa mpigo inapotuma. Ukiilisha kutoka mguu wa volti 5 wa kompyuta itajizima katikati ya ujumbe. Ipe chanzo chake cha volti 4. Iamuru itume ujumbe wa uzima kila siku saa moja asubuhi. Siku ujumbe usipofika, nenda nyumbani au umpigie jirani mwenye ufunguo.

Kabla samaki hajaingia, tangi likiwa na maji na mawe tu, tenga asubuhi nzima ya kuharibu kila kitu kwa makusudi. Chomoa sensa ya joto. Itumbukize kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na uangalie feni, kisha chila, kisha taa. Inua boya. Ziba sensa ya mwanga kwa kidole. Zima ruta. Chomoa ubongo na utembee soketi kwa soketi ukitazama kipi kimewaka. Zima breka kuu na uiache saa moja. Andika kila jibu kwenye daftari pamoja na tarehe, na urudie zoezi lote Oktoba, kabla kaskazi haijaanza, na Mei, kabla ya baridi ya kusi. Siku hizohizo badilisha probu iliyozeeka, pima volti ya betri ikiwa na mzigo, na ufute chumvi kwenye viunganishi vyote.